Maji ya Kayabwe ndani ya beseni la darasani

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, kabla hujafika Lukaya, unapita Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata barabara penye zile duara nyeupe za saruji. Kando yake kuna mabeseni: moja upande wa kaskazini, moja upande wa kusini, na jingine juu ya mstari wenyewe. Mwonyeshaji anamimina maji, anaweka ua dogo juu yake, anafungua tundu. Kaskazini ua linazunguka upande mmoja, kusini linazunguka upande wa pili, na kwenye mstari linashuka moja kwa moja bila kuzunguka. Mabasi ya ziara za shule husimama hapo, watoto hupiga makofi, na safari inaendelea.

Sijui somo zuri kuliko hilo la kufundishia njia ya kisayansi kwa watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili. Maharagwe ndani ya kopo lenye pamba ni jaribio zuri la kufundisha mimea, lakini kasoro yake ni kwamba mtoto anajua jibu kabla hajalowesha pamba. Anaandika "lengo, vifaa, utaratibu, matokeo, hitimisho" akinakili ubaoni, na hitimisho limeshaandikwa kichwani tangu nyumbani. Kwenye maji ya Kayabwe hakuna wa kumnakili. Wazazi wengi wanaamini kwamba upande wa ikweta ndio unaoamua maji yazunguke vipi, walimu wengi wanaamini, na waliofika pale wameona kwa macho yao. Dai lenyewe liko wazi, linapimika kwa beseni la plastiki, na linaweza kushindwa. Hilo la kushindwa ndilo la msingi: jaribio ambalo dai haliwezi kushindwa ndani yake ni maonyesho tu.

Anza na swali, na usimpe mtoto jibu. Waulize waliowahi kufika Kayabwe maji yalizunguka upande gani kaskazini. Usishangae wakipingana. Andika majibu yote ubaoni, kisha lipunguze swali mpaka liwe la kupimika: je, upande wa kuzunguka unaamuliwa na mahali beseni lilipo, au na namna maji yalivyomiminwa?

Sasa kila kisio litoe utabiri wake. Kama ni mahali, basi hapa shuleni kwetu maji yatazunguka upande uleule kila mara, hata tukiyamimina vipi. Kama ni umiminaji, basi tukibadilisha upande wa kumimina, maji nayo yatageuka. Watoto waandike utabiri wao kwa kalamu ya wino, pamoja na sababu, kabla maji hayajaingia darasani. Ulioandikwa haufutwi. Mwalimu akiruhusu kufuta mara moja tu, darasa zima litajifunza kwamba kazi ya utabiri ni kufanana na jibu.

Vifaa ni vya kawaida. Kwa kila kundi la watoto watano au sita tafuta beseni la plastiki la mviringo lenye kitako bapa, upana wa kama sentimita 35 hadi 40, jerikani mbili za lita 5, ndoo ya kupokea maji, matofali manne, njiti za kiberiti na saa, hata ya simu. Maji yaleyale yanayoshukia kwenye ndoo yanarudishwa kwenye jerikani, kwa hiyo kundi moja linamaliza kazi yote kwa lita 10. Hilo ni jambo la maana mahali ambapo kisima kiko mbali.

Tundu ndilo linaloleta taabu. Litoboe mwenyewe, usiwape watoto msumari wa moto. Kupata katikati ya beseni, kata karatasi ya gazeti duara sawa na kitako, ikunje nusu, ikunje tena nusu, ifungue: mikunjo inapokutana ndipo katikati. Chomesha msumari wa inchi sita kwenye makaa, toboa, kisha panua taratibu mpaka tundu lifike upana wa sentimita moja. Plastiki iliyoyeyuka huacha ukingo uliovimba kuzunguka tundu, na mara nyingi unavimba zaidi upande mmoja. Ukiuacha, utasukuma maji upande huo kila mara, nawe utadhani umegundua sheria ya dunia. Ukwangue kwa wembe ndani na nje mpaka kidole kikipita kisihisi kitu.

Kizibo kitoke chini. Huu ndio ufundi ambao watu wengi wanaukosa: ukizibua kwa juu, mkono wako unaingia majini, unayakoroga, na kizibo kikikaza unakizungusha kidogo ili kitoke. Umeshayapa maji mzunguko kabla hayajaanza kushuka. Chonga kipande cha soli ya ndala kuukuu kiwe chembamba juu na kinene chini, kitoboe katikati, pitisha uzi wenye fundo, kisha kikaze kwenye tundu kutokea upande wa nje. Funga fundo upande wa juu wa kizibo ili uzi uning'inie chini. Wakati wa kufungua, vuta uzi wima, bila kusokota. Maji ya kina cha sentimita 10 hayana nguvu ya kukisukuma kizibo kilichokaa vizuri.

Weka beseni juu ya matofali, mawili kila upande, ndoo chini. Mimina kikombe kimoja cha maji uone yanakusanyika wapi. Yakikimbilia upande mmoja, beseni limelala. Ingiza karatasi iliyokunjwa chini yake mpaka yatulie kuzunguka tundu. Chora kwa kalamu mstari ndani ya beseni kwenye sentimita 10 na mwingine kwenye sentimita 5. Kwa tundu la sentimita moja, beseni zima hukauka kwa kama dakika tano, lakini maji hushuka hadi mstari wa kati kwa dakika moja na nusu hivi. Hapo kwenye mstari wa kati ndipo upande wa mzunguko unaposomwa. Mkubaliane hivyo kabla ya kuanza. Mwishoni kabisa, maji yakibaki kidogo, umbo la kitako na matuta yake vinaanza kuamua mambo, na mtoto anayetaka utabiri wake ushinde atasubiri mpaka njiti igeukie anakotaka yeye.

Raundi ya kwanza: mmiminaji anamimina akiufuata ukingo wa beseni, maji yakikimbia kwa mwendo wa mshale wa saa au kinyume chake. Asichague mwenyewe. Andika vikaratasi sita, vitatu "saa" na vitatu "kinyume", vitie ndani ya kopo, kila mara achomoe kimoja. Kisha subirini dakika moja, wekeni kipande cha njiti juu ya tundu katikati, na vuteni kizibo.

Mtazamaji awe amegeuka ukutani wakati wa kumimina, aitwe maji yakishatulia. Asijue yalimiminwa vipi. Watoto wataliona hili kama mchezo, lakini ndilo linalotofautisha jaribio na porojo: anayejua jibu linalotarajiwa huliona hata pale lisipokuwepo. Mtazamaji aangalie kutoka juu. Mtoto mmoja atapiga magoti kuangalia maji yanavyotoka chini ya beseni, ataripoti upande wa kinyume, na ugomvi utaanza. Wote wawili wako sahihi. Kitu kinachozunguka kwa mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu, kinazunguka kinyume ukikitazama kutoka chini. Na kwa kuwa watoto wengi siku hizi wanasoma saa ya tarakimu, chora mshale wa mviringo kwenye karatasi na uibandike kando ya kila beseni.

Makundi manane yakifanya majaribio matatu kila moja, unapata 24 ndani ya vipindi viwili vya dakika 40, ilimradi mabeseni yametobolewa siku iliyotangulia. Ukijaribu kutoboa asubuhi hiyohiyo, kengele italia hujafungua hata kizibo cha kwanza.

Matokeo ya raundi hii hayana utata. Maji yanafuata mmiminaji. Yaliyomiminwa kwa mwendo wa saa yanazunguka hivyo, ya kinyume yanazunguka kinyume, ndani ya chumba kimoja, kwenye latitudo moja. Lile la "mahali" limepata pigo. Usishangilie bado, kwa sababu mtoto makini atakwambia: "Lakini Ticha, pale Kayabwe maji yalikuwa yametulia." Mpe heko mtoto huyo, kisha nendeni raundi ya pili.

Raundi ya pili ni ileile, ila mnasubiri dakika kumi badala ya moja. Maji yataonekana yamelala kabisa. Mkifungua, bado yatazunguka kwa kufuata mmiminaji. Hapa ndipo pa kukaa na watoto, maana wengi hawaamini kwamba maji yaliyotulia machoni bado yanatembea. Mzunguko mdogo hubaki ndani ya beseni kwa saa nzima na zaidi. Tena haubaki mdogo: maji yanapovutwa kutoka ukingoni kwenda kwenye tundu, kasi ya kuzunguka inaongezeka. Funga jiwe dogo kwenye uzi, lizungushe, kisha acha uzi ujisokote kwenye kidole chako. Kadiri uzi unavyofupika ndivyo jiwe linavyozunguka upesi. Kwa maji, hesabu ni ya kuzidisha tu: umbali kutoka katikati ukipungua mara 15, mizunguko inaongezeka mara 15 kwa 15, yaani 225. Maji ya ukingoni, sentimita 15 kutoka kwenye tundu, yakizunguka mara moja kwa dakika kumi hakuna jicho litakaloona. Yakifika sentimita moja kutoka katikati, kama msuguano usingeyapunguza kasi, yangezunguka mara moja kwa sekunde chini ya tatu. Ndiyo maana hatua mbili za mwonyeshaji aliyebeba beseni, au kumimina kutoka bega hili badala ya lile, kunatosha kuamua ua litageukia wapi. Na anayetaka ua lishuke bila kuzunguka, anamimina katikati taratibu.

Raundi ya tatu inahitaji usiku mmoja. Jazeni mabeseni jioni, mkimimina juu ya sahani ya plastiki inayoelea katikati ili maji yatawanyike pande zote sawasawa. Itoeni sahani kwa kuinyanyua wima. Funikeni kwa kadibodi isiyogusa maji, mbali na dirisha, mlango ufungwe. Upepo ukipita juu ya maji unayasukuma, na jua likipiga upande mmoja wa beseni maji ya upande huo yanapata joto, yanapanda, na mzunguko unazaliwa humohumo. Asubuhi, kabla watoto hawajaanza kusukumana, vuteni uzi.

Makundi manane, usitegemee yakubaliane. Njiti nyingine zitageuka kidogo kushoto, nyingine kulia, nyingine zitasitasita tu. Kuna kundi litakalosema, "Yetu yameharibika." Hayajaharibika. Andikeni kama yalivyo, pamoja na maneno "haikueleweka" pale isipoeleweka. Jedwali lisilo na hata mstari mmoja wa aina hiyo linanitia shaka.

Vipi kama yote manane yakizunguka upande mmoja? Hapo kazi inakuwa tamu. Kwanza tafuteni kilicho sawa kwenye mabeseni yote zaidi ya mahali. Je, yote yalijazwa na mtu mmoja? Watu wengi hutumia mkono wa kulia, na mkono wa kulia una mazoea yake ya kumimina; darasa zima linaweza kuyapa maji mzunguko mmoja bila mtu yeyote kukusudia. Je, mabeseni yametoka kwenye kalibu moja ya kiwandani, yenye tuta lilelile kitakoni? Geuzeni kila beseni nusu mzunguko, mwambieni anayetumia kushoto ajaze, mrudie. Kisha waulize kama huenda ni bahati tu. Sarafu ya Uganda ya shilingi 500 inafaa hapa: warushe mara nane waone ni mara ngapi upande wa korongo unatokea mfululizo. Nane kufanana zote kwa bahati ni mara moja kati ya 128. Tatu kufanana zote ni mara moja kati ya nne, ndiyo maana kundi lililofanya majaribio matatu peke yake haliwezi kutangaza ushindi.

Sasa kuna hatari moja: mtoto asirudi nyumbani na habari kwamba mwalimu amesema dunia haizunguki. Nguvu ya Coriolis, yaani ile inayopindisha mwendo wa upepo na maji kwa sababu dunia inazunguka, inayoitwa kwa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis aliyeandika juu yake mwaka 1835, ipo kweli. Kimbunga Idai kilichopiga Beira, Msumbiji, mwezi Machi 2019 kilizunguka kwa mwendo wa saa kwa sababu kilikuwa kusini mwa ikweta, na vimbunga vinavyopiga pwani ya Marekani huzunguka kinyume chake. Lakini kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita na kinaishi siku nyingi. Beseni lina sentimita 40 na dakika tano.

Tena ikweta ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kutafutia nguvu hiyo ndani ya beseni, kwa sababu kwenye mstari wenyewe kani ya kugeuza maji ni sifuri, na inaongezeka polepole mno kadiri unavyouacha. Waeleze hivi: katika ncha ya kaskazini, sakafu ya darasa ingejizungusha mara moja kwa siku. Kampala, sakafu inachukua karibu miezi sita kumaliza mzunguko mmoja. Kwenye beseni lililowekwa mita 20 kutoka kwenye mstari pale Kayabwe, inachukua zaidi ya miaka 800. Na bado tunaambiwa mzunguko huo unageuza ua kwa nusu dakika.

Na watu wazima wamelipima hili kwa umakini. Mwaka 1962 Ascher Shapiro, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitumia tangi la upana wa mita 1.8, akaacha maji yatulie saa 24, kizibo kikiwa chini. Kwa zaidi ya dakika kumi za mwanzo hakukuonekana mzunguko wowote. Baadaye ndipo maji yakaanza kugeuka kinyume cha mwendo wa saa, kama ilivyotabiriwa kwa kaskazini. Miaka mitatu baadaye watafiti wakalirudia jaribio hilo Sydney, Australia, wakapata mwendo wa saa. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa tangi kubwa, subira ya siku nzima, na latitudo ambayo athari yake ni zaidi ya mara 100 ya ile ya Kampala. Hadithi hii wapeni watoto mwishoni. Mkiitanguliza, wataandika kilichosemwa na Mmarekani na kuacha kutazama njiti yao.

Nchi yetu ina bahati ya kukatwa na mstari, na ingekuwa hasara kuacha kuitumia. Shule ya Masaka au Mbarara iko kusini. Ya Jinja, Gulu au Arua iko kaskazini. Walimu wawili wenye simu wanaweza kukubaliana utaratibu mmoja: upana wa tundu, kina cha maji, muda wa kusubiri, mstari wa kusomea, idadi ya majaribio. Kila upande ufanye yake na kufunga jedwali kabla ya kuona la mwenzake, kisha wabadilishane picha kwa WhatsApp. Kiswahili kitawasaidia hapo, maana wa Gulu na wa Masaka hawana lugha moja ya nyumbani. Mtakalogombania kwanza halitakuwa upande wa maji, litakuwa "mlisubiri dakika ngapi hasa?" na "nani alimimina?" Hayo ndiyo maswali wanayoulizana wanasayansi.

Kuhusu alama, kati ya 20 ningetoa tano kwa utabiri wenye sababu, tano kwa kueleza ni kitu gani kimoja kilichobadilishwa na vipi vingine vilizuiwa visibadilike, tano kwa jedwali lililojaa pamoja na yasiyoeleweka, na tano kwa hitimisho lisilozidi kile jedwali linachosema. Mtoto aliyeandika "katika majaribio yetu 24 maji yalifuata mmiminaji" anapata zote tano. Aliyeandika "tumethibitisha kwamba dunia haina athari yoyote kwa maji" apewe mbili, na aitwe mezani aulizwe habari za Idai. Kwa kukisia upande sahihi wa kuzunguka, usitoe hata nusu alama.